Nilimficha dada yangu simu ya jeshi kwa siku tatu. Leo anarusha helikopta ya uokoaji

Leo sina umbea wa staa yeyote. Leo najianika mwenyewe, na najua kuna mtu ataisoma hii akiwa kambini na atanipigia kunigombeza kabla hata sijamaliza chai.

Aprili 2024, wakati mvua zinapiga nchi nzima na Rufiji na Kibiti ziko ndani ya maji, kuna video ilitua kwenye grupu letu la mtaa. Helikopta iko juu ya maji ya kahawia, chini yake kuna mtu ananing'inia kwenye kamba kama kifurushi. Sekunde kumi na tano tu. Jamaa mmoja akaandika, "Huyo rubani ni mwanaume wa shoka." Watu wakamwagia makofi. Mimi nikaanza kuandika jibu, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Sikujua kama ni ndege yake, na hata leo sijui, maana ukimuuliza anakwambia "kula, chakula kinapoa". Lakini nilichojua ni kwamba dada yangu siku hiyo alikuwa hapatikani kwenye simu, na akiwa hapatikani hivyo huwa yuko hewani.

Kwa hiyo tuelewane mapema. Jina lake hulioni hapa. Kambi yake hulioni. Aina ya ndege usiniulize inbox. Mambo ya jeshi siyo ya kuanika mtandaoni, na mimi sina hamu ya kuitwa na afande yeyote kujieleza. Naandika ya nyumbani kwetu tu.

Kwetu ni Mbagala. Mzee alikuwa fundi gereji, na dada ndiye aliyekuwa "spana boi" wake. Mimi nilikuwa mdogo mno na mvivu mno. Mzee akiwa chini ya gari anasema "kumi na mbili", mkono wa dada unampa kumi na mbili. Akisema "kumi na nne", anapewa kumi na nne bila kugeuka kuangalia. Halafu Machi 2000, dada ana miaka saba, sisi bado hatuna TV, tukawa tunaenda kwa jirani kuangalia taarifa ya habari. Msumbiji ilikuwa imezama. Wengi wenu hamkuwa mmezaliwa au mlikuwa mnanyonya, lakini waulizeni wakubwa: mama mmoja alijifungulia juu ya mti, akiwa amekimbilia huko na mafuriko, na helikopta ya jeshi la Afrika Kusini ikamshusha mtu kwenye kamba, ikambeba yeye na kichanga chake. Helikopta za Afrika Kusini ziliokoa watu zaidi ya 14,000 kwenye mafuriko yale. Mimi sikumbuki, nilikuwa na miaka miwili. Mama anasema dada alirudi nyumbani hakula. Alikuwa anauliza swali moja tu: ile ndege imesimamaje pale hewani bila kuanguka? Mzee akamwambia nenda kasome hesabu utajua.

Akaenda kusoma hesabu. Mzee alifariki 2011, dada yuko sekondari. Baada ya form six, 2013, akapita JKT kwa mujibu wa sheria, kundi la kwanza tangu utaratibu urudishwe. Wenzake walirudi wanalalamika maharage na kwata. Yeye alirudi mweusi, mwembamba, na furaha ambayo mama aliiona akanyamaza. Kisha uhandisi wa mitambo pale Mlimani, miaka minne. Boom la Bodi ya Mikopo linagawanywa mara mbili, nusu yake, nusu inakuja Mbagala. Mama anauza vitumbua kuziba pengo. Alipomaliza 2017 akapata kazi kiwandani, Barabara ya Nyerere, injinia wa matengenezo. Take home laki tisa na kitu.

Jamani, laki tisa nyumbani kwetu ilikuwa ni serikali. Mama akaanza kumwita "injinia wangu" mbele ya wageni. Bati likabadilishwa. Mimi nikapelekwa chuo binafsi, ada inalipwa na dada. Na kukawa na shemeji pia, kaka mstaarabu, injinia mwenzake, barua ya posa ikaja imefungwa vizuri kabisa na wazee wakapokea kishika uchumba.

Ndipo dada akatuma maombi jeshini kimya kimya. Wanaotangaziwa nafasi zile mnajua masharti: uwe hujaoa wala kuolewa, huna mtoto, JKT uwe umepita, umri usizidi. Alikuwa na miaka 25, mlango unafunga. Alimwambia shemeji ukweli, shemeji akasema achague. Hilo la shemeji sitalirefusha. Ameoa, ana watoto wawili, anatusalimia vizuri tukikutana. Hakuwa mtu mbaya. Alitaka mke anayerudi nyumbani jioni, na hilo nalo siyo kosa.

Kosa ni langu.

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Simu ya dada ilikuwa kwa fundi Rangi Tatu, kioo kimepasuka, kwa hiyo laini yake ilikuwa kwenye simu yangu. Saa nane mchana ikaita namba ngeni. Sauti ya mwanaume, haina salamu ndefu. Akataja jina kamili la dada, majina matatu. Nikasema mimi ni mdogo wake. Akasema mwambie aripoti Jumatatu saa moja kamili asubuhi, akataja mahali, aje na vyeti vyake vyote halisi, cha kuzaliwa kisisahaulike. "Umeelewa?" Nikasema ndiyo. "Rudia." Nikarudia neno kwa neno. Ndiyo maana siwezi kujitetea kwamba nilisahau.

Nilikaa kitandani nikapiga hesabu, na nataka niwe mkweli kwenye hesabu ile, kwa sababu haikuwa hesabu ya mtu mchawi. Ada yangu ya awamu ya pili ilikuwa bado. Chuoni walishabandika tangazo, asiyelipa hafanyi mtihani. Dada akienda, atakuwa kuruta, kisha mwaka mzima wa mafunzo ya uofisa. Mama atarudi kwenye vitumbua peke yake. Na dada mwenyewe, kwa mawazo yangu ya miaka 20, alikuwa anaenda kuharibu maisha yake: kazi nzuri anaacha, mwanaume mzuri anaacha, kisa ndege aliyoiona kwenye TV ya jirani. Nikajiambia nikikaa kimya mpaka Jumatatu ipite, nitakuwa nimemsaidia. Unaona jinsi mtu anavyojidanganya? Ijumaa nikakaa kimya. Jumamosi nikakaa kimya, tena nikamfulia na viatu vya kazini.

Jumapili usiku akarudi amechoka, akakaa, akatoa bahasha kwenye pochi akaiweka mezani mbele yangu. "Hela ya ada hiyo. Nimekopa kazini, watanikata kidogo kidogo. Kesho asubuhi ukalipe, usisubiri mchana foleni inakuwa kubwa."

Nilishindwa kuishika ile bahasha. Nikasema, "Dada, wamepiga jeshini. Sasa hivi tu, ulipokuwa unaoga."

Hakuuliza kitu. Saa ilikuwa imefika nne usiku. Vyeti vya shule alikuwa navyo, cheti cha kuzaliwa kilikuwa Kibaha kwa shangazi tangu mambo ya mirathi ya mzee. Akaita bodaboda. Mbagala mpaka Kibaha, usiku, manyunyu, kwenda na kurudi. Alirudi saa nane usiku ameshika cheti ndani ya mfuko wa plastiki, na mguu wa kulia umeungua, ekzozi ya pikipiki imembabua kwenye kigimbi wakati wanateleza kwenye tope. Mama akampaka asali. Dada akapiga pasi sketi, akalala saa mbili hivi, saa kumi na moja alfajiri akatoka anachechemea. Mimi nilijifanya nimelala. Lile kovu lipo mpaka leo, na kila akivaa kaptula nyumbani mimi naangalia pembeni.

Alipita usaili. Akapita vipimo vya afya na mguu wake wenye kidonda. Baada ya hapo miezi ikawa inaenda hatumsikii, kisha Monduli, kisha siku ya kamisheni ambapo Rais mwenyewe ndiye anawatunuku maofisa wapya. Mama alivaa kitenge kipya na akalia kuanzia bendi inapiga nyimbo ya kwanza mpaka gwaride linaondoka. Nyota moja begani, Luteni Usu. Mimi niliahirisha mwaka mmoja chuo, nikauza vocha na vifaa vya simu, kisha mshahara wake ulipoanza kuingia nikarudi. Hakuwahi kunidai hata shukrani.

Akachaguliwa kwenda kujifunza urubani. Na hapa ndipo nilipoanza kuelewa kwamba digrii ile haikutupwa. Watu wanafikiri helikopta inaendeshwa kama gari, unakanyaga mafuta inapanda. Siku moja alinionyesha kwa vijiko mezani. Mkono wa kushoto una wenzo unaopandisha na kushusha ndege kwa kubadilisha mlalo wa mapanga yote kwa pamoja. Mkono wa kulia una wenzo mwingine unaoamua iende mbele, nyuma au pembeni. Miguu yote miwili iko kwenye pedali za rota ya mkiani, maana bila ile rota ndogo ya nyuma bodi zima lingezunguka kinyume na mapanga ya juu kama pia. Sasa shida: ukigusa kimoja, vyote vinabadilika. Ukipandisha kwa kushoto, pua inageuka, mguu ufanye kazi, mguu ukifanya kazi ndege inasogea, mkono wa kulia urekebishe. Na kusimama hewani sehemu moja, lile swali lake la Machi 2000, ndiyo kazi ngumu kuliko kuruka kwenda mbele. Alisema wiki za mwanzo alikuwa anashuka fulana imelowa kama kafua nayo.

Halafu kuna hewa yenyewe. Joto likiwa kali, au ukiwa juu sana, hewa inakuwa nyepesi, mapanga yanakosa cha kushika na injini nayo inakosa nguvu. Ndege ile ile iliyobeba watu sita asubuhi ufukweni, haiwabebi hao sita mchana wa joto mlimani. Ndiyo maana mgonjwa akizidiwa Kilimanjaro huwezi kusema tu "leteni helikopta" ikamchukue kileleni mita 5,895 kama bajaji. Aliniambia kisa cha rubani mmoja Mmarekani, Aprili 1944, vita vya Burma. Ndio uokoaji wa kwanza wa helikopta vitani. Watu wanne wamekwama msituni nyuma ya mstari wa adui, na ndege yake kwenye joto lile ilikuwa na uwezo wa kubeba abiria mmoja tu. Ikabidi awatoe mmoja mmoja. Nikamuuliza, sasa wale wengine walikuwa wanajisikiaje wakiona ndege inaondoka? Akanijibu, "Hilo ndilo swali, mdogo wangu." Nilidhani ananipuuza.

Mei 2024 alikuja nyumbani. Alikuwa na masaa kumi na mbili tu. Amekonda, midomo imekauka, amekaa kwenye kigoda jikoni wakati mama anakaanga samaki, na kwa mara ya kwanza akaongea bila kuulizwa.

Alisema kitu ambacho hakuna aliyemfundisha akakielewa mpaka kimtokee ni maji. Unasimama juu ya maji yanayokwenda kasi, macho yanakudanganya kwamba ndege ndiyo inayotembea, mkono unataka kurekebisha kosa ambalo halipo. Ni lazima utafute kitu kisichotembea, ncha ya mnazi, nguzo, kona ya jengo, na ukitazame hicho hicho. Na rubani haoni chini yake. Anayeona ni mwenzao wa winchi aliyelala mlangoni, anaongea kwenye masikioni: mbele tatu, mbele mbili, moja, tulia. Kamba ikishuka, watu chini wanairukia, na hawatakiwi, ni lazima iguse maji au ardhi kwanza, kwa sababu ndege inakusanya umeme hewani na atakayeigusa wa kwanza anapigwa shoti. Na ukishuka sana, upepo wa mapanga unang'oa mabati wanayokalia. Yaani unaweza kuwaua wale wale uliowafuata.

Yeye alikuwa rubani msaidizi, kazi yake kubwa ilikuwa mafuta na uzito. Walifika kwenye paa la jengo moja, kuna watu kumi na moja. Akapiga hesabu: mafuta yaliyobaki, umbali wa kurudi, joto, uzito. Dakika kumi na mbili juu ya eneo, watu sita. Hesabu yake, kwa sauti yake, kapteni akakubali. Walipandishwa watoto na mama mmoja mjamzito. Wa sita alikuwa kijana wa kama miaka kumi na tano, mwenzao wa winchi alishamshika. Kijana akavua ule mkanda, akamvalisha mdogo wake wa kike aliyekuwa amejificha nyuma ya bibi, akarudi kukaa.

"Tukaondoka," dada akasema. "Nikamuona kwenye kioo cha pembeni. Hakupunga mkono, hakupiga kelele. Alikuwa anatuangalia tu."

Kwenda, kushusha watu, kujaza mafuta, kurudi, ilikuwa zaidi ya dakika hamsini na mwanga unaisha. Mama alikuwa ameacha kugeuza samaki, wanaungua na hakuna anayesema kitu.

Walikuwepo. Maji yalikuwa yamepanda mpaka kwenye ukingo wa bati, wamebanana kwenye mgongo wa paa, watu watano. Yule kijana akawa wa mwisho kupandishwa. Alipoingizwa ndani anatetemeka, meno yanagongana, akamuona rubani ana sauti ya kike, akasema, "Shikamoo."

Dada akacheka akiisema hiyo, kisha akaacha kucheka ghafla. Mama akauliza, "Na wengine wote mliwakuta hivyo hivyo?" Dada akasema kulikuwa na sehemu nyingine, nyumba yenye bati jekundu. Mama akasubiri. Dada akasema, "Mama, samaki wanaungua."

Usiku tukakaa nje barazani, mimi na yeye. Nilikuwa nimeamua, baada ya miaka sita, kumwambia. Nikaanza, "Dada, ile siku ya simu..." Akanikata.

"Jeshi halipigi simu Jumapili usiku, mdogo wangu."

Nikauliza alijua lini. Akasema Jumatatu ile ile asubuhi. Alipofika, afande wa mapokezi akampigia tiki kwenye daftari, na yeye akasoma kichwa chini, kama alivyokuwa anasoma namba za spana: Alhamisi, saa nane na dakika kumi, amepokea mdogo wake wa kiume.

"Na hukusema kitu? Miaka yote hii?"

"Ningesema nini? Ulikuwa umeshaniambia." Akajikuna lile kovu la kigimbi. Kisha akasema kwamba juu ya lile paa, alipotaja namba sita, alinikumbuka mimi. Sikuelewa anamaanisha nini, na sikupata ujasiri wa kuuliza kama ananisamehe au ananisema. Mpaka leo sijauliza. Wadau mnaojua kuwasoma dada zenu mnisaidie.

Mama ndiye hajui. Mama haingii kwenye blogu, lakini ana majirani wenye bando, kwa hiyo nawapa mpaka kesho jioni.

Dada aliondoka saa kumi na moja alfajiri, kama ile siku. Safari hii sikujifanya nimelala, nilimbebea begi mpaka barabarani. Mama alimfungia vitumbua kwenye hotpoti, akamwambia arudishe hotpoti yake, kama anavyomwambia kila mara na kila mara hairudi. Gari lilikuwa halijafika. Simu yake ikaita, na mkono wake ukawa umeshaipokea kabla mimi sijageuza shingo.